Bangili Isiyoona Miguu

Siku ya kwanza Mzee Ojwang alitembea kutoka kwake Walukuba, mjini Jinja, hadi Bugembe na kurudi, safari isiyopungua kilomita nane, na bangili iliyokuwa mkononi mwake ikasema amepiga hatua mia nne na kumi na mbili.

Aliivua, akaipangusa kwa leso, akaivaa tena. Mia nne na kumi na mbili. Alichukua kalamu akagawanya. Kwa hesabu hiyo kila hatua yake ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita kumi na tisa. Twiga hafiki hapo.

Mtu mwingine angecheka. Ojwang hakucheka, kwa sababu bangili hiyo ndiyo ingeamua kama ataendelea kulala nyumbani kwake.

Mambo yalianza mwezi wa pili, alipoteleza bafuni akapasuka kipaji cha uso, akashonwa nyuzi sita. Binti yake Awuor, muuguzi katika zahanati moja ya Nakaloke, nje kidogo ya Mbale, alifika kesho yake na begi kubwa tupu. Alilifungua juu ya kitanda cha baba yake na kuanza kukunja mashati.

"Baba, una miaka sabini na mmoja. Unaishi peke yako. Tena unakaa tu."

"Sikai. Natembea."

"Nani amekuhesabia?"

Swali lilikuwa la haki, na yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuliuliza. Kwa miaka thelathini na miwili Ojwang alikuwa mkaguzi wa vitambaa katika kiwanda cha nguo hapo Jinja. Kazi yake ilikuwa kuweka kioo cha kukuzia juu ya kitambaa na kuhesabu nyuzi zilizomo katika inchi moja. Mfumaji akimwambia kitambaa ni kizuri, alimjibu, "Sikuuliza uzuri. Nimeuliza nyuzi ngapi." Watoto wake walilelewa vivyo hivyo. Katika nyumba ile hakuna aliyekuwa na homa mpaka kipimajoto kiseme.

Basi baba na binti waliandikiana mkataba. Ojwang angevaa bangili ya kuhesabu hatua kwa siku thelathini. Kila jioni saa kumi na mbili simu yake ingeipeleka hesabu ya siku kwenye simu ya Awuor. Wastani ukifika hatua elfu sita kwa siku, abaki Walukuba. Usipofika, ahamie Mbale. Walitia sahihi wote wawili, na begi likasukumwa chini ya kitanda, likiwa na mashati manne ndani.

Mbale aliijua. Aliwahi kukaa kwa Awuor wiki mbili. Alipewa kiti chenye mto barazani, akakatazwa kushika ndoo, akaulizwa kila saa kama amekunywa maji. Siku ya tisa alifungua geti atazame barabara, na msichana wa kazi akampigia Awuor simu.

Kwa hiyo zile mia nne na kumi na mbili hakuzichukulia kama mzaha. Alizichukulia kama kitambaa chenye kasoro na akaanza kutafuta uzi uliokatika. Nyuma ya nyumba alitembea hatua mia moja, akihesabu kwa sauti, kisha akatazama bangili. Ilikuwa imeongeza mbili. Akatembea mia nyingine, safari hii akiachia mikono icheze. Ikaongeza tisini na nane.

Jibu likawa wazi. Bangili haikuona miguu. Ilihisi mkono tu, na mkono wa Ojwang ulikuwa hauendi popote. Kiwandani alikuwa akipita katikati ya mashine za kufuma kutwa nzima, na mtu mwenye akili hupita hapo akiwa amefunga mikono nyuma, mashine isije ikamvuta kwa mkono wa shati. Miaka thelathini na miwili ya kupita hivyo humfanya mtu atembee hivyo mpaka kaburini. Kila asubuhi alikwenda Bugembe mikono ikiwa nyuma, kiganja ndani ya kiganja, na bangili ikiwa imelala mgongoni kama abiria.

Dawa yake ilikuwa rahisi kuitamka: arushe mikono.

Alirusha. Siku ya pili alitoka Walukuba akiwa amenyoosha mgongo, mkono huu mbele, huu nyuma, na kabla hajafika barabara kuu kondakta wa teksi akampigia saluti.

"Afande! Jambo, afande! Vita viko wapi?"

"Nenda zako."

"Ndiyo, afande!"

Katika mji ambao watu wazima bado wanakumbuka Kiswahili kama lugha ya wanajeshi, mzee anayesema Kiswahili na kurusha mikono barabarani hana maelezo mengine. Wauza mahindi wa Bugembe walimsalimia kwa kusimama wima. Mama mmoja mwenye nyanya alimuuliza kwa huruma amegombana na nani nyumbani. Na baya zaidi, mikono yenyewe ilikataa. Akiiwaza, ilicheza. Akiwaza jambo lingine kwa mita hamsini, ilijirudia nyuma na kushikana kama watoto wanaoogopa kupotezana.

Siku ya kumi alipiga hesabu. Wastani wa siku tisa ulikuwa elfu mbili na mia tatu. Ili kufikisha lengo, zile siku ishirini na moja zilizobaki alihitaji hatua elfu saba mia tano themanini na sita kila siku. Aliandika namba hiyo nyuma ya mkataba, akaizungushia duara, akatoka nje kwenda kutafuta mtu wa kumlaumu.

Alimkuta Haji Nasuru.

Haji Nasuru alikuwa jirani yake, fundi cherehani mstaafu mwenye kitambi, na alikuwa ameketi mahali alipoketi kila siku, kwenye baraza la duka lililofungwa, mbele ya ubao wa mweso. Mweso una mashimo thelathini na mawili na kete sitini na nne. Mchezaji huchota kete za shimo moja, huzidondosha moja moja katika mashimo yanayofuata, huchota tena, hudondosha tena, na akibahatika huzunguka ubao mara tatu bila kupumua. Haji alibahatika mara nyingi. Mkononi mwake, mkono wa kulia, alikuwa na bangili kama ile ya Ojwang. Yake aliipata kwenye chama cha wagonjwa wa sukari cha pale mjini.

"Haji, leo umepata ngapi?"

Haji Nasuru aligeuza mkono wake kwa madaha. "Elfu kumi na moja na mia nane. Na bado swala ya alasiri."

"Umetembea wapi?"

"Nimetoka nyumbani, nimefika hapa."

Nyumba yake ilikuwa mlango wa pili.

Ojwang alisimama akautazama mkono ule ukichota na kudondosha. Tak, tak, tak, tak. Kwa kila kete, kifundo kilishuka na kupanda. Hakuhitaji kioo cha kukuzia.

"Haji, huo ni uongo."

"Uongo wa nani? Mimi sijasema kitu. Inasema yenyewe." Haji Nasuru alifungua koti kuonyesha fulana mpya iliyoandikwa kifuani MTEMBEZI BORA WA MWEZI. "Chama kimenipigia makofi, Bwana Ojwang. Daktari amenishika mkono. Kaa chini, acha kunizibia upepo."

Ojwang alikaa. Alijiambia kwamba anakaa kuchunguza.

Karatasi ya maelekezo ilisema bangili ivaliwe mkono usiotumika sana, na Ojwang, aliyekuwa tayari kuidanganya bangili, hakuwa tayari kuivunjia karatasi heshima. Akaiacha kushoto na kuanza kudondosha kete kwa mkono wa kushoto.

"Wee! Kushoto kwenye ubao wangu?" Haji Nasuru alishtuka kama aliyemwagiwa maji. "Hivi umelelewa?"

"Karatasi imesema kushoto."

"Karatasi haili na watu. Toa mkono huo."

Walibishana mpaka Haji alipogundua kwamba mkono wa kushoto wa Ojwang ni mzito na unakosea mashimo, na kwamba yeye Haji amemfunga mara tatu mfululizo. Hapo dini ikalegea kidogo. Alipangusa upande wake wa ubao kwa gazeti, akasema kila mtu atajibu kwa mkono wake mwenyewe.

Jioni hiyo bangili ilisema elfu nane na mia nne. Saa kumi na mbili na dakika mbili Awuor alipiga simu.

"Baba! Umefanya nini?"

"Nimebadilisha njia," alisema Ojwang, na hilo lilikuwa kweli kiasi cha kutosha.

Alibadilisha kwa siku ishirini. Mwanzoni aliendelea kwenda Bugembe asubuhi, mikono nyuma, na kucheza mweso mchana. Lakini safari ya Bugembe ilimpa hatua mia nne tu na kumchosha, ilhali Haji Nasuru alikuwa akipanga kete tangu saa tatu. Kufikia siku ya kumi na tano hakwenda tena. Siku ya ishirini na saba jumla ilipita laki moja na elfu themanini, na mkataba ukawa umetimia, siku tatu zikiwa bado. Siku hiyohiyo aligundua kwamba mkanda wake umesogea tundu moja na kwamba ngazi mbili za mlangoni kwake zimekuwa ndefu kuliko zamani. Hayo yote aliyaona. Ni kwamba hayakuwa kwenye mkataba.

Kisha Awuor akampigia na ombi. Jumamosi, siku ya thelathini, wazee wa kikundi chake cha Nakaloke wangekutana zahanatini. Nao walivaa bangili. Walikuwa wamekata tamaa. Je, angekuja kuwaeleza alivyofanya?

"Sina la kueleza."

"Baba, ulianza na elfu mbili, sasa uko karibu elfu tisa. Njoo tu wakuone. Na mkataba tutaufunga hapohapo."

Alipofika aliwakuta wazee kumi na wawili kwenye mabenchi ya barazani, na ukutani ilibandikwa karatasi kubwa yenye jina lake. Awuor alikuwa amechora siku zote ishirini na tisa kwa wino wa bluu, mlima unaopanda. Pembeni kulikuwa na mchoro wa pili ulioonyesha siku moja, saa kwa saa.

"Huyu ni baba yangu," alisema Awuor kwa fahari iliyomfanya Ojwang atazame viatu. "Ana miaka sabini na mmoja. Mzee Erisa, wewe una sitini na sita, unaniambia magoti. Kuanzia Jumatatu lengo lako ni elfu nane. Kama yeye ameweza, hakuna kisingizio."

Mzee Erisa, mtu mwembamba mwenye fimbo, aliyatazama magoti yake kama anayaaga.

Kwenye benchi la mbele mama mmoja aliyevaa gauni refu la gomesi na mtandio alikuwa ameinamia ule mchoro wa pili. Jina lake Mariat, muuza karanga sokoni hapo Nakaloke. "Samahani, binti. Hivi vijiti ni nini?"

"Ni dakika anazotembea, mama."

"Na nafasi hizi?"

"Anapumzika."

"Mh. Anatembea dakika moja, anapumzika dakika moja. Anatembea, anapumzika. Kuanzia saa tatu mpaka magharibi." Mama Mariat alimgeukia Ojwang na kumkagua kuanzia kiatu hadi kofia. "Mzee, wewe ni mtu au ni jogoo?"

Benchi zima lilicheka. Awuor alicheka pia, kwa adabu, akisubiri maelezo.

Ojwang angeweza kunyamaza. Mkataba ulikuwa umetimia na ushindi ulikuwa wake. Lakini kiwandani, kipande cha kitambaa kilipopewa namba ya uongo, uongo haukubaki kwa mkaguzi. Ulikwenda kwa mkata nguo, kwa mshonaji, na mwisho ukapasukia mgongoni mwa mtu aliyelipa pesa yake. Sasa namba ya uongo ilikuwa inaelekea kwenye magoti ya Mzee Erisa.

"Nileteeni trei tupu ya mayai," alisema, "na konzi moja ya maharagwe."

Vikaletwa. Aliirudisha bangili kwenye sifuri, akaomba mtu ashike saa. Akaketi, akaweka trei mapajani, akachota maharagwe kwa mkono wa kushoto na kuanza kuyadondosha, shimo hadi shimo. Baada ya dakika tano alimpa Awuor mkono wake asome.

"Mia nne na tisini," Awuor alisoma.

Kisha akasimama, akafunga mikono nyuma, akatembea kutoka mwisho mmoja wa uwanja hadi mwingine kwa dakika tano nyingine, akarudi na kumpa mkono tena.

"Mia nne tisini na saba."

Wazee walikuwa wanalia kwa kicheko. Mmoja tayari alikuwa amechukua trei na kuigiza. Mzee Erisa alicheka kuliko wote, kicheko cha mtu aliyesamehewa. Awuor peke yake hakucheka. Aliitazama ile karatasi ukutani, akang'oa pini moja baada ya nyingine.

"Kwa hiyo katika siku thelathini sina hata moja ya kuamini."

"Zile ishirini ni uongo. Zile tisa za kwanza nazo ni uongo, ila upande mwingine. Nilikuwa natembea kilomita nane na ilikuwa inanihesabia mia nne. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia."

"Ungeniuliza nani amenihesabia."

Awuor akasema polepole, kwa sauti aliyoirithi, "Hakuna hesabu, Baba. Na pasipo hesabu siwezi kukuacha. Usiku huu utalala kwangu, na nguo zako zitafuata."

Ndipo Mama Mariat alipoinua kidogo pindo la gomesi. Bangili yake ilikuwa kwenye kifundo cha mguu, imefungwa juu ya soksi kwa kipande cha kitenge.

"Mimi nabeba beseni la karanga kichwani, mkono nimelishika. Ningevaa huko juu ingehesabu nini? Sisi wote hapa tumefunga mguuni tangu wiki ya kwanza."

Ojwang aliitazama bangili ile. Mkaguzi wa miaka thelathini na miwili, mwenye majaribio, mgawanyo na duara nyuma ya mkataba. "Karatasi inasema mkononi," alisema.

"Mimi karatasi sikuisoma," alisema Mama Mariat. "Miguu ndiyo inayotembea, mzee."

Ojwang aliinama, akairudisha bangili kwenye sifuri, akaifunga mguuni kwa leso yake, akamwambia binti yake, "Kutoka hapa mpaka kwako Mbale ni kilomita ngapi?"

"Nane. Tisa."

"Nitatembea. Sasa hivi. Nikifika kwa miguu yangu, nalala huko kama mgeni na kesho narudi Jinja. Nikipanda chochote, nguo zifuate."

"Baba, ni saa tisa, jua hili."

"Utakuwa na hesabu."

Awuor alitazama viatu vyake vipya vya kazi, akamtazama yeye. "Twende basi," alisema. "Nitatembea na wewe. Nataka kuona kwa macho yangu."

Kilomita tatu za kwanza zilikuwa za kuongea. Ya nne haikuwa. Ojwang alihisi kila siku moja ya zile ishirini alizokaa barazani kwa Haji Nasuru. Kifua kilivuta hewa kwa sauti na shati liliganda mgongoni. Mikono ilikuwa nyuma, na sasa hakuna aliyeikataza. Jabali la Wanale lilisimama mbele yao juu ya mji na halikusogea hata kidogo kuwapokea. Kwenye kilomita ya sita aliketi kwenye ukingo wa kalvati. Alijua kwamba ameketi, na alijua kwamba Awuor amesimama juu yake anamtazama.

Boda ikasimama papo hapo, kama zinavyosimama zikiona mzee ameketi. "Mzee, panda twende. Umechoka."

Ojwang alikitazama kiti cha ile pikipiki. Kilikuwa kipana, cha rangi nyekundu, na kilikuwa na mto.

"Bei gani mpaka mjini?" aliuliza mtu. Si yeye. Awuor alikuwa ameketi upande wa pili wa kalvati, kiatu kimoja mkononi, akikitazama kisigino chake, na kisigino kilikuwa kimechubuka kikavimba kama nyanya.

"Wewe ni muuguzi," alisema Ojwang.

"Ndiyo maana najua hiki si cha kutembelea. Kutwa nakaa kwenye kiti naandika kadi za wagonjwa, Baba. Usinitazame hivyo."

"Panda. Mimi nina mkataba."

Alisimama, mara ya kwanza akashindwa, mara ya pili akaweza. Boda ilimpita na Awuor akiwa nyuma, kiatu kifuani. Alimpungia mkono baba yake, naye hakupunga, kwa kuwa mikono ilikuwa inatumika.

Ojwang alifika getini karibu saa moja baada yake, akiwa wa rangi ya vumbi mpaka kwenye nyusi. Msichana wa kazi alifungua, akasogea pembeni haraka. Awuor alikuwa ameketi kwenye kile kiti chenye mto, mguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Ojwang aliweka mguu wake juu ya ngazi, na binti yake akainama kusoma.

"Elfu kumi na mbili, mia moja na tatu."

"Gawanya."

Awuor aligawanya kichwani. "Sentimita sabini hivi kwa hatua."

"Huo ni mguu wa mtu."

Awuor alicheka sasa, kwa mara ya kwanza tangu mchana. Akachukua kalamu akaandika mkataba mpya: siku thelathini nyingine, Walukuba, bangili mguuni, mweso baada ya kutembea tu. Alitia sahihi akampa. Ojwang aliusoma mara mbili, kisha akachora mstari katikati ya karatasi kutoka juu hadi chini na upande wa kulia akaandika jina la Awuor.

"Hiyo ni nini, Baba?"

"Safu ya pili. Na wewe una bangili, nimeiona. Yako itume kwangu. Saa kumi na mbili."

"Baba, mimi nina kazi—"

"Masharti ni yaleyale. Ukishindwa, unahamia kwangu."

Awuor alitia sahihi tena huku akisema huu ni mchezo wa watoto, na kesho yake Ojwang akarudi Jinja.

Jumatatu jioni alikuwa amekwenda Bugembe na kurudi, leso mguuni, na hakuna aliyemwita afande. Aliketi barazani akamfunga Haji Nasuru mara moja, kwa mkono wa kulia. Saa kumi na mbili kamili simu ikalia. Akavaa miwani. Mbale ilikuwa imetuma namba: elfu moja mia tisa na nne.

Ojwang alifikiri kidogo, akaandika jibu kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, bila kosa.

"Nimepokea. Kitanda cha chumba cha pili nimeshakitandika."